Je, Ni Ujira au Ni Bei?

Katika nchi ya Marekani mpira wa kikapu wa vyuo vikuu si mchezo wa kujiburudisha jioni baada ya masomo. Mwaka 2010 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilipatana na makampuni ya televisheni kuonyesha mashindano yake makuu ya mwezi wa Machi kwa muda wa miaka 14, kwa malipo ya zaidi ya dola bilioni 10. Makocha wakubwa walilipwa mamilioni. Lakini vijana wenyewe, ambao watu walitoa fedha ili kuwatazama, hawakuruhusiwa kupokea zaidi ya gharama za masomo, chakula na malazi. Aliyepokea zaidi alihesabiwa kuwa mkosaji.

Wako wasomaji watakaouliza: mambo hayo ya ng'ambo yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa vijana wa Afrika nao huitwa huko. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya wote walioingia katika ligi ya kulipwa. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi katika Kongo, alitangazwa mwaka 2022 kuwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Tena yatuhusu kwa sababu swali lililomo ni la kila mzazi. Mtu akija nyumbani kwako na fedha mkononi, akasema amtaka mwanao, je, ameleta ujira wa kazi, au ametaja bei ya mtoto?

Kwanza yatupasa kuwa waadilifu. Mpango wa zamani haukuwa safi kama wengine wanavyoukumbuka. Mkono mtupu haulambwi, na waliotafuta wachezaji walilijua neno hilo. Walipokatazwa kutoa hadharani, walitoa gizani. Mwezi wa Septemba 2017 serikali ya Marekani iliwakamata watu 10, miongoni mwao makocha wasaidizi wanne na mkubwa mmoja wa kampuni ya viatu vya michezo. Kesi zilizofuata zilionyesha jinsi fedha zilivyopelekwa kwa siri kwa jamaa za vijana, ili wachague chuo fulani. Basi katazo halikuziondoa fedha. Liliondoa mwanga tu.

Kwa hiyo hatuwezi kuungana na wale wanaoulilia mpango ule. Ed O'Bannon, aliyepata ubingwa na chuo cha UCLA mwaka 1995, alikwenda mahakamani mwaka 2009 kwa kuwa sura yake ilitumiwa katika michezo ya video bila yeye kulipwa. Mwaka 2014 Jaji Claudia Wilken alimpa haki. Mwezi wa Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kwamba NCAA haiko juu ya sheria za ushindani wa biashara. Tangu tarehe 1 Julai mwaka ule wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Na tangu tarehe 1 Julai 2025, kwa mapatano yaliyothibitishwa na Jaji Wilken yule yule, vyuo vyenyewe vyaweza kuwalipa wanamichezo wao, kila chuo hadi dola milioni 20.5 hivi katika mwaka wa kwanza. Chanda chema huvikwa pete. Aliyefanya kazi apate ujira wake: hilo ni haki, wala hatulipingi.

Lakini haki iliyo katika kulipa haihalalishi kila namna ya kulipa. Malipo ya jina na sura yalikusudiwa kuwa malipo ya kazi: kijana akilitangaza duka, duka limlipe. Muda si muda matajiri wapenzi wa timu waliunda vyama vya kuchanga fedha, na fedha hizo zikawa chambo cha kuwavuta wachezaji. Wakati huohuo ile sheria iliyomlazimu mchezaji aliyehama chuo kukaa mwaka mzima bila kucheza ililegezwa mwaka 2021, ikaondolewa mwaka 2024. Mwaka 2022 Nijel Pack alihama Kansas State kwenda Miami, na tajiri mmoja akatangaza waziwazi kwamba kampuni yake itampa dola 800,000 kwa miaka miwili, na gari juu yake. Baada ya siku chache wakala wa mchezaji mwingine wa Miami alisema kijana wake naye atahama asipoongezewa. Je, tumlaumu kijana huyo? La. Aliona mwenzake amepimwa kwenye mizani, naye akataka kuujua uzito wake.

NCAA ilikuwa imekataza fedha hizo zisitumiwe kumshawishi mchezaji achague chuo. Mwezi wa Februari 2024 jaji mmoja katika jimbo la Tennessee alilisimamisha katazo hilo, akiona kwamba kijana asiyeruhusiwa kupatana kabla ya kuchagua hawezi kuijua thamani yake sokoni. Kwa sheria ya biashara hoja hiyo ni nzito. Lakini thamani ya sokoni si thamani yote ya mtu, na hapo ndipo penye hatari tunayoisema.

Zamani kocha alimfuata kijana wa sekondari, akaketi na wazazi wake, akaahidi kumlea kwa miaka minne. Ahadi hiyo mara nyingine ilivunjwa, lakini ilikuwa ahadi. Siku hizi makocha wengi hungoja msimu uishe, wakaitazama orodha ya wanaotaka kuhama, wakachagua watu wa miaka 22 waliokwisha komaa. Mtoto wa sekondari aona nafasi zikipungua. Naye aliyehama mara tatu amesoma katika vyuo vitatu, na si kila somo alilofaulu huku hukubaliwa kule.

Hapa ndipo tunapotenga ujira na bei. Ujira hulipwa kwa kazi, na anayeulipa hubaki na wajibu kwa mtu aliyeifanya. Bei hulipwa kwa kitu, na kikichakaa hutupwa. Fedha zaweza kuwa zile zile, hata hesabu yake ikawa moja. Kinachozitofautisha ni kile kinachobaki baada ya goti kuvunjika.

John Thompson, kocha wa Georgetown, chuo kikuu cha Wajesuiti, aliweka ofisini mwake mpira uliotoka upepo, ili vijana wake wakumbuke kwamba siku ya kuacha mchezo itafika. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alifika chuoni hapo mwaka 1987 akitaka kuwa daktari, akaingizwa katika timu na kocha huyo, akamaliza masomo yake mwaka 1991. Hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa mwaka 2007. Hatusemi kwamba ilikuwa vema kutomlipa alipokuwa akiwavuta watazamaji. Twasema kwamba alipewa kitu ambacho hakuna tajiri angeweza kumnyang'anya msimu ulipokwisha. Anayelipwa leo anastahili vyote viwili.

Basi wazazi wanaoletewa habari za namna hii, wasishangilie idadi ya dola kabla ya kuuliza. Mapatano ni ya mwaka mmoja au ya masomo yote? Mtoto akiumia, nani atamtibu, na nafasi yake darasani itabaki? Kocha akihamia chuo kingine, ahadi yake itatimizwa na nani? Na kwa mtoto wa kigeni, je, viza yake yamruhusu kupokea fedha hizo? Tshiebwe mwenyewe alizuiwa na viza ya mwanafunzi asifanye kazi ya matangazo katika ardhi ya Marekani, hata akaifanya katika visiwa vya Bahamas timu yake ilipozuru huko mwezi wa Agosti 2022.

Majibu yaandikwe, wala yasiwe ya mdomo. Mgeni akichukizwa na maswali hayo, mzazi asisite kumsindikiza mpaka mlangoni, hata kama fedha alizozileta ni nyingi.