Wajibu wa Mwenye Silaha Iliyositirika

Mtu achukuaye silaha chini ya nguo zake, kwa idhini ya serikali na kwa nia ya kujilinda, yampasa ajiulize suala moja kila asubuhi kabla ya kutoka mlangoni mwake: je, anaijua hali ya silaha hii leo, ama anaikumbuka tu hali yake ya jana? Suala hili laonekana dogo, na wengi hulipita wasilijali. Lakini baina ya kujua na kukumbuka ndipo ipitapo risasi isiyokusudiwa, na risasi hiyo ikisha kutoka hairudishwi kwa majuto wala kwa machozi.

Wilaya ya Manyoni, katika Mkoa wa Singida, ni nchi iliyozijua silaha tangu zamani. Pori lililokuwa baina ya Ugogo na Unyamwezi, ambalo wapagazi waliliita Mgunda Mkali, misafara ya karne ya kumi na tisa ililipita kwa hofu ya kiu, njaa na wanyang'anyi, na kila mwenye bunduki aliiweka tayari. Hata leo upande wa kusini yako mapori ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, yenye tembo na simba, na mkulima akaaye jirani na wanyama hao hulinda shamba lake usiku. Basi gobore si kitu kigeni katika nchi hii. Na pamoja na gobore imekuja bastola, silaha ya mtu aendaye mnadani na fedha za ng'ombe kiunoni, naye ana safari ndefu na anakhofia njia.

Silaha hizi mbili hazifanani katika hukumu ya dhamana, ijapokuwa zote mbili huua. Gobore lililo begani huonwa na watu wote. Mzee akimwona kijana amelielekeza vibaya humwambia, "Mwanangu, geuza mdomo wa bunduki." Mama humvuta mtoto wake. Mwenyeji wa nyumba, kabla hajamkaribisha mgeni, humwuliza kama imeshindiliwa, na akijibiwa kwamba imeshindiliwa humwomba aiweke nje. Khatari iliyo wazi ina walinzi wengi, na mwenye silaha akighafilika, yuko wa kumwamsha.

Ama bastola iliyositirika, haina mlinzi ila mmoja. Mwenyewe huketi nayo katika behewa la gari la moshi ubavuni pa mama mwenye mtoto. Huingia nayo mkahawani. Husimama nayo katika safu ya sala, bega kwa bega na jirani asiyejua lolote. Watu hawa wote hawakupewa nafasi ya kujihadhari. Hakuna awezaye kusogea kando ya kitu asichokiona, wala kumwonya mwenzake juu ya jambo asilolijua. Kwa hivyo mwenye kuficha silaha amechukua kitu cha watu pasipo kuwataka radhi, nacho ni hadhari yao. Na hana njia ya kuwalipa ila kuwafanyia yeye hadhari ambayo wao hawawezi kujifanyia. Hapa ndipo ulipo wajibu wa kukagua, nao ni deni la kila siku.

Wala asidhani kwamba sheria ya nchi imekwisha kumlipia deni hilo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoshika mahali pa sheria ya mwaka 1991, hudai kibali, na humwandika mwenye silaha pamoja na silaha yake. Lakini hapana askari aingiaye chumbani mwa mtu kila alfajiri kutazama kama chemba ya bastola ina risasi ama haina. Kibali humwambia hakimu kwamba mtu ameruhusiwa kuchukua; hakimwambii jirani kwamba leo yuko salama.

Na mwenye kutaka mfano wa kisharia atauona. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mtu apitaye na mishale msikitini ama sokoni aishike kwa vichwa vyake, asije akamjeruhi mtu. Na imepokewa vilevile kwamba alikataza kupeana upanga uliokwisha kuchomolewa alani. Na atazame mwenye akili: mtu yule hakuwa na uadui na yeyote, wala mshale wake haukuwa katika upinde. Hata hivyo hakuachiwa nia yake njema iwe ndiyo kinga ya watu, bali mkono wake uliamrishwa ujue mahali pa ncha, kila hatua, mpaka atoke katika mkusanyiko. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mshale ambao ncha yake yaonekana, itakuwaje kwa chombo ambacho ncha yake imo ndani ya chuma, na chuma kimo ndani ya nguo?

Wako wasemao, "Silaha hii nimekaa nayo miaka mingi, naijua kama kiganja changu." Hao na watazame khabari ya mtu aliyepita katika nchi hii hii. John Hanning Speke, afisa wa Kiingereza, alivuka Mgunda Mkali pamoja na Richard Burton mwaka 1857, kisha akauvuka tena pamoja na James Grant katika safari iliyotoka Unguja mwaka 1860 na kufika Kaze, karibu na Tabora, mwezi wa Januari 1861. Katika mapori yale alilala na bunduki na kuamka nayo, akiwinda wanyama ili msafara upate kula, na akarudi kwao akiwa hai. Tarehe 15 Septemba 1864, naye ana umri wa miaka 37, alitoka kuwinda ndege katika shamba la Neston Park huko Uingereza. Akapanda ukuta mfupi wa mawe, na mkononi ana bunduki ya mitutu miwili iliyojaa, nayo haina kizuio cha kifyatulio. Mtutu mmoja ukalia ukampiga ubavuni, akafa baada ya muda mchache. Wako walionong'ona maneno mengine, kwani siku ya pili yake alikuwa akabiliane na Burton mjini Bath juu ya chimbuko la mto Nile. Lakini baraza la uchunguzi lilikata kwamba ni ajali.

Mtu huyo hakukosa ujuzi. Desturi ya wawindaji ni kuitoa bunduki risasi kabla ya kuvuka ukuta ama ua, na mambo haya alikuwa akiyafanya tangu ujana wake. Katika Mgunda Mkali khofu ilimlinda. Katika shamba la jamaa zake khofu ililala, na mazoea yakashika zamu yake. Mazoea ni mlinzi mbaya, kwani kila siku ipitayo bila ya msiba humwambia mtu kwamba msiba haupo.

Wengine husema, "Lililoandikwa limeandikwa." Neno hili ni la kweli, lakini limewekwa mahali pasipo pake. Aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutawakali aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Na mwenye kumwua muumini kwa kukosea, hukumu yake imetajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 92: iko diya kwa jamaa za maiti isipokuwa wakisamehe, na iko kafara juu ya nafsi yake, na asiyepata wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Mtu huyo hakuitwa muuaji wa kukusudia, lakini hakuambiwa pia aende zake. Lau kadari ingekuwa udhuru wa kutosha, kafara ingekuwa ya nini?

Yako maneno ya tatu, nayo yana nguvu zaidi. Husemwa kwamba anayeishika silaha mara kwa mara ndiye aitiaye khatari, kwa kuwa bastola iliyotulia alani hailii yenyewe, na ajali nyingi hutokea mikononi mwa mtu anayeipakia ama anayeipakua. Hili ni kweli, na jawabu lake si kuacha kukagua, bali ni kukagua kwa wakati maalumu na kwa utaratibu usiobadilika: mara moja anapoivaa na mara moja anapoivua, wala asiichezee baina ya nyakati hizo, wala asiitoe kuwaonyesha rafiki.

Na utaratibu wenyewe ni huu. Awe peke yake mahali pamoja alipopazoea, mdomo wa silaha umeelekea kwenye ndoo ya mchanga ama udongo mtupu, na kidole kiwe mbali na kifyatulio. Aondoe magazini kwanza, ndipo avute mtambo na kuitazama chemba kwa jicho, kisha aiguse kwa ncha ya kidole. Mwenye kugeuza mpango huu, akafungua chemba kwanza na kuondoa magazini baadaye, ameingiza risasi nyingine pasipo kujua. Na mwenye kuondoa magazini akatosheka, ameiacha risasi moja ndani, na moja yatosha. Aitazame na risasi yenyewe, kwani ile ile ikiingizwa na kutolewa mara nyingi, kichwa chake hurudi ndani ya ganda na baruti hubanwa kupita kiasi. Aikague ala, maana ngozi iliyochakaa hujikunja mdomoni, na mkunjo huo waweza kusukuma kifyatulio wakati silaha inaporudishwa. Tena katika kiangazi cha Manyoni, vumbi huingia kila mahali, na jasho la mwili hula chuma. Naye azidishaye mafuta hulikusanya vumbi lile lile alilotaka kuliondoa. Ama mwenye gobore, atie alama katika mdeki wake pale unapofika mtutu ukiwa mtupu. Mdeki ukisimama juu ya alama, bunduki imeshindiliwa. Na asiingie nalo nyumbani kabla ya kuondoa fataki.

Kazi yote hii haifiki muda wa kunywa kikombe cha chai. Mwenye kuona ni nzito, na aiache silaha nyumbani imefungiwa, risasi zake mahali pengine, mbali na watoto. Ama airudishe kwa wenye mamlaka, maana hakulazimishwa kuichukua. Kujilinda ni haki yake, lakini hana haki ya kumwekea khatari mtoto wa mwenzake ili yeye apate raha ya moyo.

Jirani yake katika safu hatajua kamwe kwamba asubuhi ile silaha ilikaguliwa. Hatamshukuru, wala hatamwombea kwa sababu hiyo. Atasali, atatoa salamu kulia na kushoto, na atarudi kwa watoto wake. Na mwenye silaha atakuwa ameitimiza dhamana ambayo hapana aliyemwona akiitimiza ila Mola wake. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.