Ukweli wa Riwaya na Ukweli wa Kumbukumbu: Vitabu Kuhusu Taveta na Tsavo

Maktaba na maduka ya vitabu huyapanga maandishi katika mafungu mawili: ya kubuni na yasiyo ya kubuni. Mpango huo humsaidia mtu kukipata kitabu rafuni, lakini pia humzoeza kuamini kwamba fungu moja ni la ukweli na jingine ni la uongo unaoburudisha. Wanafalsafa walianza kulijadili jambo hili zamani. Plato aliwaogopa washairi kiasi cha kutaka wengi wao wazuiwe kuingia katika mji wake bora. Aristotle, mwanafunzi wake, aliona kwamba ushairi una falsafa zaidi kuliko historia, kwani historia husimulia lililotokea, na ushairi husimulia yale yanayoweza kumpata binadamu yeyote. Dini nazo hazikuona haya kufundisha kwa kubuni. Nabii Nathani hakumsomea mfalme Daudi mashtaka. Alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Tajiri huyo hakuwahi kuishi, lakini dhambi aliyoifichua ilikuwa ya kweli, na Daudi akaikiri.

Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na nyika ya Tsavo zinafaa kulipimia swali hili la ukweli na kubuni, kwa sababu wamisionari, wapelelezi, wahandisi na waandishi wa riwaya wote wameandika kuzihusu.

Kitabu kinachojulikana zaidi ni cha J. H. Patterson, The Man-Eaters of Tsavo, kilichotoka mwaka 1907. Patterson alikuwa mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli katika mto Tsavo, kaskazini-magharibi mwa Voi, na mnamo Desemba 1898 aliwaua simba wawili waliokuwa wakiwala wafanyakazi. Kitabu hicho kimewekwa katika fungu la mambo ya kweli, na hapana shaka kwamba simba hao walikuwapo: ngozi na mafuvu yao yako katika Field Museum, Chicago. Tatizo ni hesabu. Katika kitabu Patterson alitaja Wahindi 28 waliouawa, pamoja na Waafrika wengi ambao serikali haikuwaandika. Miaka mingi baadaye, katika kijitabu cha jumba hilo la makumbusho, waliokufa wakawa 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima kemia ya nywele na mifupa ya simba hao na kukadiria kwamba watu walioliwa walikuwa kama 35. Kitabu cha kweli, basi, hakipati ukweli wake kwa kuwekwa katika rafu fulani. Kinapaswa kuhojiwa. Na jambo zito kuliko ugomvi wa hesabu ni kukiri kwa Patterson mwenyewe kwamba kulikuwa na watu waliokufa bila yeyote kuandika majina yao.

Pengo hilo la majina lilipanuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani waliiteka Taveta mnamo Agosti 1914. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau, wakashindwa vibaya katika kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916, kisha mwezi uliofuata wakapigania vilima vya Latema na Reata. Mizigo ya majeshi ilibebwa vichwani na wapagazi wa Kiafrika, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na malaria. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Hapo ndipo riwaya ilipoingia. William Boyd, katika An Ice-Cream War (1982), aliliweka shamba la mmoja wa wahusika wake karibu na Taveta, akaonyesha jinsi vita vilivyowageuza majirani kuwa maadui. Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives (2020), aliwafuata askari wa Wajerumani na jamaa zao waliobaki pwani. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, ndiye aliyelikaribia zaidi swali lenyewe. Katika The Book of Secrets, iliyopata Tuzo ya Giller ya kwanza nchini Kanada mwaka 1994, mwalimu mstaafu anapewa shajara ya ofisa wa Kiingereza aliyetawala mji mdogo wa mpakani mwaka 1913. Mwalimu anataka kujua baba wa mtoto mmoja ni nani. Shajara haisemi, na Vassanji naye anakataa kusema. Huo ni uaminifu mkubwa: mwandishi aliyekuwa na uwezo wa kubuni jibu lolote ameheshimu mpaka wa kinachojulikana kuliko kumbukumbu nyingi za wakoloni.

Kwa hiyo tofauti ya mafungu hayo mawili iko katika ahadi. Mwandishi wa mambo ya kweli huahidi kwamba aliyemtaja aliishi na alilolihesabu lilikuwapo. Akiongeza hata mtu mmoja, amevunja ahadi. Mwandishi wa riwaya huahidi kwamba woga, tamaa na huzuni za watu wake ni za binadamu. Akiwaumba kama vikaragosi wasio na moyo, naye amedanganya, hata kama kila tarehe yake ni sahihi.

Uwezo wa riwaya, hata hivyo, una kikomo. Inaweza kumfanya msomaji ahisi uzito wa mzigo uliobebwa kutoka Maktau hadi Taveta, lakini haiwezi kumrudishia mjukuu jina la babu yake. Jina lililobuniwa halifai kuchongwa juu ya kaburi. Familia za Wataveta na Wataita ambazo bado zinakumbuka nani alichukuliwa upagazi na hakurudi ziyaandike majina hayo sasa, pamoja na jina la aliyesimulia na tarehe aliyosimulia, bila kuongeza neno.