Sifuri ya Shinyanga

Sisi wa huku Mtabila, Kasulu, tumezoea sauti za vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kikosi cha 825 KJ. Kuruta akiulizwa jambo na afande hujibu maneno mawili, kisha ananyamaza. Nami nikirudi kazini najiuliza: mbona sisi tusiovaa magwanda tukiulizwa dogo tunajibu hadi lile tusilolijua?

Kisa kimoja kinachonirudisha kwenye swali hilo wengi mnakikumbuka. Machi 15, 2016, Mama Anne Kilango Malecela aliapishwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga. Rais John Magufuli aliwapa wakuu wa mikoa siku 15 wawasake watumishi hewa: waliokufa, waliostaafu au walioacha kazi, lakini mishahara yao ingali inatoka. Mikoa mingine ikataja makumi, mingine mamia. Shinyanga ikasema haina hata mmoja.

Rais hakuridhika, akatuma watu wakahakiki upya. Wakakuta 45, na kazi ilikuwa bado haijaisha. Aprili 11 akatengua uteuzi wa Mama Kilango, na Katibu Tawala wa Mkoa naye akaondolewa. Tangu kiapo zilikuwa zimepita siku 27.

Sisemi kwamba mama huyu alikusudia kudanganya. Alipokuwa mbunge alijulikana kwa kuwakemea mafisadi bila kumung'unya maneno. Hapo ndipo ninapoogopa, maana mtu mkweli naye aliponzwa na sentensi moja.

Dalili zilikuwepo. Jirani zako wote wanapotaja mamia na wewe una sifuri, sifuri hiyo si ya kutangaza, ni ya kurudi nayo mezani. Kisha yeye alikuwa mgeni mkoani. Shinyanga ina halmashauri sita, walimu na wauguzi wametapakaa hadi vijiji vya ndani, na takwimu hupanda ngazi kwa ngazi, kila mmoja akimwamini aliye chini yake. Mkuu wa mkoa hupokea karatasi. Hahesabu mwenyewe.

Na dalili kubwa kuliko zote, ambayo hata mimi ningeipita: mtumishi hewa hajiweki mwenyewe kwenye orodha ya mishahara. Kuna mkono uliomwacha pale, kwa uzembe au kwa wizi. Ukiuliza ofisini kama wapo, huenda unauuliza mkono uleule. Ukiambiwa hakuna, hujapata jibu bado. Mpaka watu waitwe majina, wasimame, waonekane kwa macho.

Angeweza kusema kwamba uhakiki unaendelea na kutaja halmashauri zilizokwisha kuhakikiwa. Pengine angekaripiwa kwa kuchelewa. Karipio hupita.

Msinione mjuaji. Niliwahi kusimama kwenye kikao cha wazazi, nikaulizwa kama madawati yanatosha. Sikuwa nimeingia darasani hata moja wiki ile. Nikaanza kueleza, nikanogewa, nikaahidi na ya mwakani. Mwenzangu alikohoa mara ya kwanza. Akakohoa tena. Akanikanyaga mguu chini ya meza, nami nikadhani amenigusa kwa bahati mbaya! Mzee mmoja akainuka, akasema kwa upole, "Mwalimu, twende tukahesabu." Tulikwenda. Watoto walikuwa wanakaa wanne wanne, na wengine sakafuni. Kurudi kutoka kule darasani hadi kwenye viti vyetu ilikuwa safari ndefu.

Ndugu zangu, ukimwona mwenzako anakohoa wakati unazungumza, nyamaza kwanza. Ukijisikia unasema "nawahakikishia", jiulize umehakikisha lini. Kazini kimya hututia aibu, tunakijaza kwa ahadi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee, nao hawakuwa na simu za kurekodi.

Mama Kilango alibahatika kurudi. Mwaka 2017 Rais huyohuyo alimteua kuwa mbunge, na mwaka 2020 akachaguliwa tena katika jimbo la Same Mashariki. Karani wa kata au mwalimu wa Kasulu hana wa kumrudisha. Kesho ukiulizwa idadi, taja ulipofika kuhesabu, kisha kaa.