Kondoo na mbuzi katika nchi ya shaba



Kuna neno moja linalotembea katikati yetu siku hizi, nalo halitupendezi. Mtu akikosa ibada mara mbili, anaitwa mbuzi. Kijana akishuka katika shimo kutafuta mawe ya kobalti, anaitwa mbuzi. Mama akiosha madini mtoni, mtoto mgongoni, kisha akafika kanisani na vumbi miguuni, watu wanasogea kwenye benchi na kunong'ona juu ya mkono wa kushoto. Neno hilo wamelitoa katika Matayo 25, toka mstari wa 31, lakini wanaolitumia hawajasoma mpaka mwisho wa sura. Sisi mashemasi tumeombwa kulieleza. Tutaanza na wanyama wenyewe, kwa maana Bwana alisema na watu waliofuga, lakini wengi wetu tumekulia katika kambi za wafanyakazi, na nyama tunaijua katika sufuria tu.

Katika nchi za baridi kondoo ana sufu nene, hata mtoto hawezi kukosea. Lakini kondoo wa kwetu ana nywele fupi kama mbuzi, na mtu wa mjini akiwaona mbali hawezi kuwatenganisha. Tazama mkia: mbuzi huuinua juu, kondoo huuacha ukining'inia. Tazama mdomo wa juu: wa kondoo umepasuliwa na mfereji katikati, wa mbuzi sivyo. Beberu ana ndevu, na harufu yake inamtangulia. Wote wawili hubeba mimba karibu miezi mitano. Lakini ndani ya damu wako mbali kuliko tunavyodhani: wataalamu wamehesabu kromosomu 60 kwa mbuzi na 54 kwa kondoo, ndiyo maana hata wakilala zizi moja miaka mingi, ni shida sana kupata mtoto wa kuchanganya.

Kubwa zaidi ni namna ya kula. Mbuzi hupenda majani ya miti na vichaka. Anasimama kwa miguu ya nyuma, anavuta tawi, anachagua hapa kidogo na pale kidogo, kisha anakwenda mbele. Kondoo anainamisha kichwa na kukata nyasi karibu kabisa na udongo, na pamoja na nyasi anameza vumbi. Wakishtushwa, kondoo hukusanyika na kumfuata wa mbele, awe anakwenda malishoni au shimoni. Mbuzi huweza kutawanyika, kila mmoja na akili yake. Mwenye mbuzi hapumziki, wenye bustani za sombe wanajua.

Basi je, mbuzi ni mnyama mbaya? Soma Kutoka 12:5, utaona kwamba mwana-kondoo wa Pasaka aliweza kutwaliwa katika kondoo au katika mbuzi. Soma Kutoka 26:7, hema ya Mungu ilifunikwa kwa nywele za mbuzi. Katika Walawi 16, ni mbuzi aliyebebeshwa dhambi za taifa lote na kupelekwa jangwani. Na Mezali 27:27 inasifu maziwa ya mbuzi, kwamba yanalisha nyumba yote. Hata leo mashariki na kusini mwa bahari ya Mediteranea mchungaji mmoja huchunga kondoo na mbuzi pamoja. Bwana alitwaa kitu ambacho kila mtu alikiona, mchungaji akitenga kundi lake. Hakumtukana mbuzi.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi hawalijui, nalo linatuhusu sisi wa Lualaba kuliko watu wengine. Kila mnyama anahitaji shaba kidogo mwilini. Lakini kondoo, kupita mbuzi na kupita ng'ombe, ni mdhaifu sana katika kuitoa shaba iliyozidi. Anaiweka katika ini. Wiki zinapita, pengine miezi, naye anakula, anazaa, anafuata wenzake, wala hakuna dalili. Halafu siku moja anapata taabu, safari ndefu au njaa au kufukuzwa na mbwa, na ini linaimwaga ile shaba katika damu. Macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa mwekundu au mweusi, na kwa siku chache amekufa. Mwenyewe anasema amerogwa. Mbuzi anavumilia shaba zaidi sana.

Nanyi mnajua tunakaa wapi. Vilima vyetu vya shaba tangu zamani havioti miti mikubwa. Kingamyambo ni mahali palipotupwa mabaki ya madini ya Kolwezi, wakati wa Union Minière na tena baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967, zamani za Gécamines. Shaba na kobalti zilibaki humo nyingi hivi kwamba tangu 2018 kiwanda cha Metalkol kinayachimbua tena ili kuzitoa. Hatusemi kila kondoo anayekufa hapa ameuawa na shaba, maana minyoo pia inaua. Lakini mwenye kondoo asimlishe juu ya mabaki ya madini wala kando ya maji yake, asimpe chumvi iliyotengenezwa kwa ng'ombe wala chakula cha nguruwe na kuku, kwa sababu mara nyingi vimetiwa shaba. Amuulize mganga wa wanyama mapema, si wakati mkojo umekwisha kugeuka.

Ndugu, huyu kondoo tunamjua kanisani. Anakuja kila ibada, anainamisha kichwa, hapigi kelele. Mwaka mzima anameza kinyongo juu ya jirani, anakiweka ndani, na hakuna nabii wala mzee anayemwona mgonjwa. Kisha siku ya taabu, siku ya kugawa mali ya marehemu kwa mfano, kinatoka chote mara moja. Huyo ndiye anayemwita mwenzake mbuzi.

Turudi Matayo 25. Wale wa kulia na wale wa kushoto wote wanamwita Mfalme Bwana. Wote wanashangaa, wote wanauliza ni lini walimwona. Hakuna mmoja aliyejua jina lake kabla ya siku ile. Mfalme hakutazama mkia wala nywele. Aliuliza habari za chakula, maji, nguo, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Sisi tunahukumu kwa vumbi la miguu, na kazi ya kutenga hatukupewa.

Hatusemi shimo ni mahali pema. Udongo unaangukia watoto wa watu, na mtoto wa umri wa shule mahali pake ni shuleni. Lakini yule mama anayeosha madini, aliyefiwa na mtoto majira ya mvua, kilio chake kilijaa majirani wa makanisa mengine, na wa kwetu walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tangu siku ile hajarudi. Tena yuko kijana aliyevunjika mguu shimoni, analala kwa shangazi yake, na chakula kinapatikana siku moja, siku nyingine hakuna. Wote wawili wamebatizwa kwetu.

Jumamosi hii, baada ya sala ya asubuhi, mashemasi na kikundi cha mama tutakwenda Kingamyambo kwa miguu. Mwenye unga wa bukari alete, mwenye mafuta au sabuni alete, mwenye mikono mitupu aje vilevile. Tutaanza kwa yule mama.