Nyumba Imefungwa, Karo Halijafungwa

Kusini mwa Unguja zipo nyumba zinazofunguliwa mara mbili tatu kwa mwaka: wakati wa Idi, na Julai watu wanaporudi Makunduchi kwa ajili ya sherehe za Mwaka Kogwa. Wenyewe wako mjini, Dar es Salaam au Maskati. Wakiondoka hufunga milango, madirisha na mifereji ya maji, wakaamini nyumba imelala. Chini ya ardhi kazi inaendelea. Ndani ya karo, vijidudu visivyohitaji hewa vinameng'enya uchafu. Mashapo yametuama chini, utando wa mafuta umetanda juu, na maji yamebaki katikati. Je, mtu anawajibika kwa kitu asichokiona, asichokitumia, wala asichokuwa karibu nacho? Nadai kwamba anawajibika, na kwamba umbali wake unauzidisha wajibu huo.

Mtu atasema karo lisilotumika halijai, basi lina madhara gani? Nusu ya hoja hiyo naikubali. Karo la wageni wachache hukaa miaka mingi kabla ya kuhitaji gari la kunyonya, na zile dawa zinazouzwa eti za kuamsha vijidudu ni hasara tupu, maana kinyesi huja na vijidudu vyake. Lakini karo lililoachwa hudhuru kwa kukosa jicho kuliko kwa kujaa. Maji yanayokaa kwenye kona ya bomba chini ya sinki hukauka, harufu na mende vikapata njia. Wavu wa bomba la hewa huoza. Mfuniko hupasuka, na ufa mdogo unamtosha mbu. Mbu wa aina ya Culex, anayeeneza matende, huzaliana hasa katika maji machafu yaliyotulia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga punje za polistirini zinazoelea katika vyoo vya shimo vya Makunduchi, na watu wakapewa dawa ya matende. Dawa iliposimamishwa, maambukizi yaliendelea kushuka huko, ilhali mahali palipopewa dawa peke yake yalianza kupanda tena. Shimo la mtu mmoja, kumbe, lina hisa katika mguu wa mwingine. Tena ardhi ya huko ni mawe ya matumbawe yenye mipasuko, na maji taka hupenya humo bila kuchujwa vya kutosha.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu. Wanazuoni walitofautisha shimo lililochimbwa njiani na lile ambalo mtu amelichimba katika ardhi yake: mchimbaji wa lile la kwanza hudhamini aliyetumbukia, wa la pili hadhamini. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Zanzibar, yanampa mwenye mali nafasi kubwa. Katika kitabu chake Minhaj, Imam Nawawi anaeleza kwamba kila mtu huitumia milki yake kwa mujibu wa ada, na akivuka ndipo anapodhamini. Ila hukumu ya shimo la uani inamhusu mtu aliyelifuata shimo. Hapa shimo ndilo linalomfuata mtu, ama kwa mabawa ama chini kwa chini hadi kwenye ndoo ya jirani. Na ada yenyewe ni ipi? Choo cha kawaida ni cha nyumba inayokaliwa, ambamo yupo anayesikia harufu, anayeona mfuniko umeinama, anayeumwa na mbu wale wale kabla ya jirani. Mkaaji ni sehemu ya choo sawa na bomba lake. Mmiliki aliyeondoka amebaki na haki ya milki bila ile adha iliyokuwa ikiiwekea mipaka. Kwa maoni yangu keshavuka ada.

Wapo watakaoshika nia: sikukusudia kumdhuru mtu. Nia hupima thawabu na dhambi, lakini dhamana haiingojei. Anayevunja chombo cha mwenzake kwa bahati mbaya hulipa vile vile. Wengine wataonesha ufunguo waliomwachia ndugu. Uwakala unakubalika, ila ndugu ameagizwa kufagia uwanja na kuangusha nazi. Kuhusu karo hakuambiwa kitu, wala hakuachiwa fedha ya wavu mpya. Panaponitatiza ni nyumba ya urithi isiyogawanywa: warithi saba, kila mmoja na ufunguo wake, na hakuna anayeinua mfuniko. Naona kila mrithi abebe ukarabati kwa kadiri ya fungu lake, hata yule ambaye hajalala humo usiku mmoja. Fungu lake la karo lina mbu kama mafungu mengine.