Hiyo Picha ni ya Sarafu Ipi?

Swali lililoletwa kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Nakivale linaonekana dogo, lakini limetugawa. Kijana mmoja ana babu yake aliyetoka Kongo na sarafu ya franka mbili ya mwaka 1943. Wanataka kuiuza kwenye mnada wa mtandaoni kupitia shemeji yao aliyehamia Marekani, wapate pesa ya mtihani wa dada yake. Simu zetu zinapiga picha zenye ukungu. Shemeji akasema msihangaike, nimeona picha nzuri ya sarafu hiyohiyo kwenye intaneti, nitaweka hiyo. Je, huo ni uongo, au ni biashara tu?

Kwa wasioijua: ni ya shaba ya manjano, ina pembe sita na tembo upande mmoja. Ilitengenezwa Philadelphia, huko Marekani, kwa sababu wakati ule Ubelgiji wenyewe ulikuwa umekaliwa na Wajerumani. Kijana anajenga hoja yake hapo. Zote zilitoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja, tembo yuleyule, kwa hiyo picha ya moja ni picha ya zote. Na maneno yatakayoandikwa chini, nchi na mwaka, yatakuwa ya kweli tupu.

Hoja hiyo siidharau, maana kuna sarafu ambazo inazifaa kabisa. Tangu 1986 Marekani inatoa sarafu ya fedha yenye tai, uzito wa aunsi moja, na zikiwa mpya zinapangwa 20 kwenye mrija mmoja. Anayezinunua kwa wingi anatafuta uzito wa fedha. Ukimwekea picha moja na kuandika wazi kwamba ni ya mfano, hujamkosea kitu, kwa sababu hata yeye hajali atapata ipi.

Ila sarafu ya babu si mpya. Ina miaka zaidi ya 80, imepita mikono ya watu na mifuko ya watu, halafu imevuka mpaka ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Wakusanyaji wa sarafu hupima hali yake kwa namba, kuanzia 1 mpaka 70, na bei iko hapohapo: sikio la tembo limelika kiasi gani, kuna mikwaruzo mingapi, ukingo umegongwa au bado mzima. Mtu anayetaja bei kule anailipia ile inayong'aa kwenye picha. Sokoni kwetu pia muuza maharagwe huweka mazuri juu, tunajua wote, ndiyo maana mama zetu wanazamisha mkono mpaka chini ya gunia. Kwenye mnada wa simu utazamisha mkono wapi?

Mwingine akatoa wazo: basi tuisugue kwa majivu na ndimu mpaka ifanane na picha. Nikacheka, kisha nikamwambia aache haraka. Wakusanyaji wanaitambua sarafu iliyosuguliwa na wanaishusha bei. Lakini oneni picha ya kuazima ilipotufikisha. Sasa kitu cha kweli ndicho kinachoambiwa kijirekebishe!

Hoja iliyonisumbua hasa ni ya tatu, na ilisemwa kwa sauti ya chini. Mnunuzi ni tajiri wa mbali. Dola chache hazitamnyima usingizi, na huyu dada asipolipiwa mtihani anakaa nyumbani. Hapo si suala la picha tena bwana, ni kuuliza kama yule tusiyemjua tuna deni lolote kwake.

Mimi nasema tunalo. Mnakumbuka bango lile lenye mama na ndoo kichwani, limeandikwa habari za makazi yetu, na mama mwenyewe si wa hapa wala hatumjui? Maneno yake yalikuwa kweli, maji ni shida kweli. Bado tulikasirika, tukasema wametuona wakimbizi wote ni sura moja. Tulidai tuonyeshwe sisi, na mikwaruzo yetu. Sioni tutakavyodai hivyo kwa wenye mabango halafu tumnyime mtu wa mnada, eti kwa sababu ana pesa.

Tuliipiga picha mchana, mlangoni, juu ya karatasi nyeupe, pande zote mbili na ukingo, kwa simu ya kuazima. Picha si mbaya. Tembo anaonekana mzee. Kijana ameituma, lakini hajakubaliana na mimi. Ameniuliza: ikipata nusu ya bei ya ile nyingine, ile nusu inayobaki atamlipia nani dada yangu? Tumekubaliana tuliulize swali hilo Jumamosi mbele ya kikundi kizima, na kofia ya mchango iwepo mezani.