Bamba Lililofaulu Kwenye Karatasi

Usiku wa tarehe 16 Januari 1943, meli ya mafuta Schenectady ilikuwa imefungwa gatini Swan Island, mjini Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani. Maji yalikuwa yametulia. Meli ilikuwa mpya, imetoka kujaribiwa baharini muda mfupi tu, na hewa ilikuwa baridi chini kidogo ya sifuri. Ghafla ukasikika mshindo, ufa ukaikata sitaha na kuteremka ubavuni pande zote mbili hadi karibu na mkuku. Mabamba ya chini pekee ndiyo yaliyoendelea kushika. Sehemu ya katikati iliinuka juu ya maji, omo na tezi zikakaa kwenye matope ya mto.

Lawama ya kwanza ilimwangukia mchomeleaji, na haikukosa msingi. Meli za zamani zilifungwa kwa ribiti, na mara nyingi ufa ulipofika ukingo wa bamba ulikoma hapo. Meli iliyochomelewa ni chuma kimoja toka omo hadi tezi, na ufa ukishaanza haukuti kizuizi. Lakini kumwachia mchomeleaji mzigo wote ni dhuluma. Kabla bamba halijamfikia, lilikuwa limeshapewa tabia yake kwenye kinu.

Pale kinuni, bonge bapa la chuma, lenye unene wa milimita 200 au zaidi, hupashwa moto tanurini hadi karibu nyuzi 1,200. Likitoka, maji ya shinikizo kubwa hulipiga ili kubandua magamba yaliyofanyika juu yake, maana gamba likiachwa hukandamizwa ndani ya uso wa bamba. Kisha hupitishwa kati ya rola mbili nzito, likarudishwa, likapitishwa tena, kila mara nafasi kati ya rola ikipunguzwa. Mtazamaji huona bamba likipungua unene na kurefuka. Kazi kubwa zaidi haionekani: punje za chuma zinavunjwa na kuzaliwa upya, ndogo kuliko zile za mwanzo. Ndiyo maana joto la pasi za mwisho, yaani mara za mwisho bamba linapopita kati ya rola, lina uzito wa pekee. Bamba likimalizwa likiwa bado na moto mkali, kisha likapoa polepole, punje hukua tena. Bamba lenye punje kubwa huweza kunyumbuka vizuri siku ya joto, na siku ya baridi likapasuka kama kioo.

Dawa yake ni kusubiri bamba lipungue joto kabla ya pasi za mwisho. Kusubiri kunapunguza tani zinazotoka kwa zamu, na Vita vya Pili vya Dunia havikutaka kusubiri. Hata vinu vilivyojengwa kwa ajili ya kubiringisha chuma chembamba viligeuzwa kutoa mabamba ya meli. Novemba 1942, huko Richmond, California, meli ya mizigo Robert E. Peary iliteremshwa majini chini ya siku tano tangu mkuku wake ulazwe. Taifa zima lilishangilia mwendo huo, na katika shangwe kama ile ni vigumu sana mkaguzi mmoja kusimama na kusema bamba hili lirudi.

Machi 1943, kamati ya Seneti iliyoongozwa na Harry Truman ilisikiliza ushahidi kwamba katika kiwanda kimoja karibu na Pittsburgh, matokeo ya vipimo vya baadhi ya mabamba yalikuwa yakighushiwa. Namba ikipungua, iliandikwa nyingine inayotosha. Huo ni uovu, nao unatambulika hata na mtoto. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mabamba mengi yaliyopasuka kwenye meli za wakati ule yalikuwa yamepimwa kwa uaminifu na yakafaulu. Kipimo kilikuwa kuvuta kipande cha chuma polepole, katika joto la chumbani, hadi kikatike. Hakuna aliyekiuliza chuma kitafanya nini kikigongwa ghafla, kikiwa baridi, kikiwa na mkato.

Swali hilo ndilo alilolishika Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Alionyesha kwamba chuma chenyewe kina joto ambalo chini yake huacha kunyumbuka na kuanza kuvunjika. Wamarekani nao walikata vipande kutoka meli zilizopasuka, wakavichonga mkato na kuvipiga kwa nyundo inayoning'inia. Mabamba ambamo ufa ulianzia yalimeza nishati ndogo kuliko yale yaliyouzuia. Mstari wa kutenganisha ulikuwa karibu jouli 20 katika joto la siku ya ajali.

Kwetu Pwani hakuna baridi ya Portland. Lakini propeni iliyopozwa ili iwe kimiminika huhifadhiwa karibu na nyuzi 42 chini ya sifuri, na bamba la tangi lake halijui kwamba nje ya ukuta kuna minazi. Basi anayepokea mabamba ya kazi kama hiyo asiridhike na unene na nguvu ya kuvutwa. Aitafute kwenye cheti namba ya myeyusho, yaani ya mkupuo wa chuma ambao bamba lilitokana nao, na ailinganishe na ile iliyogongwa kwenye bamba lenyewe. Atazame jouli za kipimo cha kugonga, kisha joto ambalo zilipimwa. Jouli zisizoandikiwa joto hazimwambii lolote. Tena aulize kama kipande kilichopimwa kilikatwa kufuata mwelekeo wa kubiringishwa au kukingama nao, kwa sababu uchafu wa salfa hurefuka pamoja na bamba, na kwa upande wa kukingama namba hushuka.